Hesabu ya Asubuhi

Bahari yetu ni lita mia mbili.
Nimeikoroga mwenyewe, kwa mwiko wa ugali,
chumvi ya gunia na maji ya bomba yaliyochujwa mara tatu,
maana maji ya Dodoma yana chumvi, ila si hiyo.
Nje ni Oktoba. Upepo unabeba vumbi la Chimwaga
na kulipanga kila mahali, hata ndani ya saa yangu.

Vigae nilivinunua Majengo, vya sakafu, vimemeguka pembe,
mia tano kimoja. Muuzaji akauliza, "Unajenga nini, dada?"
Nikasema choo. Ningesema nini?
Nusu yake vilikwenda Tanga, vikakaa miezi saba chini ya maji,
vikarudi kwa basi ndani ya deli la samaki,
vimeviringishwa taulo lililolowa,
na juu yake kitu kama rangi ya kucha ya juzi:
mwani.
Mwani usioyumba, usio na jani,
uliojigeuza chokaa ya waridi
ukashika kigae kama ukoko unavyoshika sufuria.

Viluwiluwi vya matumbawe vilikuja kwenye chupa ya chai.
Kila kimoja kidogo kuliko punje ya uwele,
hakina jicho, hakina mguu,
kina vinyweleo tu, na wasiwasi.
Vikazunguka. Kigae kitupu vikakigusa, vikaondoka,
kama mtumishi aliyehamishiwa makao makuu
anayekagua vyumba Ilazo:
anachungulia, ananusa ukuta, anasema nitarudi.
Harudi.

Saa nne usiku umeme ukakatika.
Povu likaisha ndani ya maji, nikasikia moyo wangu.
Ndahani, mlinzi, akaleta pampu ya baiskeli.
Tukapokezana mpaka jogoo wa Ng'ong'ona.
"Kwani hilo jiwe linawaambia nini?"
Si jiwe, nikasema, ni huo ukoko. Una harufu yake,
na vijidudu vyake juu yake; wataalamu bado wanabishana.
Akasukuma hewa kama mara ishirini hivi.
"Mama akisiliba sakafu upya, kule Mvumi,
kuku waliohamia kwa jirani
walirudi kulala siku hiyo hiyo."

Hilo sikuliandika daftarini.

Alfajiri, lenzi.
Kigae kitupu: kimoja.
Kioo: viwili, vimekufa.
Kigae cha waridi: arobaini na kimoja,
vimejibapa, vimesahau kuogelea,
kila kimoja kinajijengea ukuta
mwembamba kuliko unywele wangu.
Na kimoja kimetua kwenye uzi wa kipimajoto.
Sijui kwa nini. Nimekiacha hapo,
nimekiandika kwa penseli.

Ndahani anaosha mikono, viganja vina malengelenge.
Anauliza vitachukua muda gani kuwa mwamba.
Miaka mia, namwambia. Mwamba hasa, miaka elfu.
Anajifuta kwenye suruali, anaitazama pampu yake.
"Basi kanunue ya pili."