Sehemu ya Tano

Mama aliandika vitu vyake kwenye daftari la madeni,
upande wa nyuma, kurasa ambazo Kitsao wa duka
hakuwa amezichafua kwa unga na sukari:
vitanda viwili, kimoja cha kamba,
cherehani inayoruka mishono ikipata joto,
sufuria saba, mifuniko mitano,
kuku ("hawa waandike kwa penseli"),
mabati ishirini na manne, manne yana kutu,
na nyumba yenyewe, vyumba vinne,
matumbawe na udongo,
aliyoijenga kwa miaka kumi na mmoja
ya kufua mashuka ya Mtaliano kule Casuarina.

Mchungaji Ngumbao alikuja Muyeye kwa baiskeli,
suruali kaibana kwa kibanio cha nguo.
"Nataka kuiweka wakfu," mama akamwambia.
"Si kuibariki. Baraka ulishatoa ulipokula wali.
Nataka iwe yake, mpaka misumari."

Palikuwa na sheria ya kale, akasema mchungaji:
mtu akimtolea Mungu nyumba yake
kuhani huja kuitia thamani,
njema au mbovu, asemavyo ndivyo.
Akazunguka. Akagonga ukuta kwa kidole.
Akahesabu mabati, akauliza choo kiko wapi.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimeshika penseli,
nikaona jinsi nyumba inavyoona haya
ikitazamwa na mtu mwenye kalamu.

"Na ardhi?"

Hapo mama akaenda kufukuza kuku
ambaye hakuwapo.
Muyeye nzima tulijua. Hati ilikuwa Mombasa,
kabatini mwa mtu tusiyewahi kuona hata kivuli chake.
Babu kazikwa pale, chini ya mkorosho,
lakini kaburi si hati.

"Mtu hutoa kilicho chake, Haluwa,"
alisema polepole, kama anayetoa mwiba
mguuni mwa mtoto.
Mama akarudi, mikono kiunoni.
"Hebu rudi nyuma kidogo, kurasa mbili tatu.
Si ndipo Mungu alipowakataza kuuza ardhi moja kwa moja,
kwa kuwa ni yake, na wao ni wageni tu kwake?
Basi na mimi niandike mgeni.
Huyo wa Mombasa naye ni mgeni, ila hajaambiwa."

Mchungaji alicheka hadi miwani ikateleza.
Kisha akaacha kucheka. Akaandika.

Elfu themanini, ndiyo thamani.
Na ukitaka kuendelea kulala humu
unaikomboa: bei yake, na juu ya bei, sehemu ya tano.
Kwenye kopo la maziwa ya unga
palikuwa na mia sita na arobaini.
Usiku nilimsikia akihesabu vidole, akirudia.
Asubuhi akamwita fundi Changawa.
"Bei ataichukua siku nikifa.
Nyongeza nianze nayo leo."

Kikapanda chumba cha tano ubavuni,
mlango unaotazama njia, bila komeo.
Kikaingia kitanda cha kamba, mtungi, taa.
Walilala humo vijana wa mashamba ya chumvi ya Gongoni,
mwanamke wa Ganda mwenye jicho lililovimba,
na mzee mmoja ambaye kwao walimwita mchawi,
wakamtaka kwa mapanga. Tulimwogopa siku tatu.
Ya nne akatufundisha bao.

Mwaka wa tatu akaja mtu wa vipimo, na kopo la rangi nyekundu.
Akatuchorea ukutani alama ya kosa,
ile ya walimu.
Mvua ikamkuta nyumba ya kumi na mbili,
akarudi mbio, viatu mkononi,
akasimama mbele ya mlango usio na komeo.

Mama akampa chai. Akampa shuka.
Hakumwomba neno.
Alfajiri alikuwa ameondoka,
shuka amelikunja pembe kwa pembe.

Rangi haikufutika.
Nilikwenda mwezi uliopita, bado ipo, imepauka,
na mama hataki kuipaka chokaa.
"Iache," asema, huku akipepeta mchele.
"Anayeandika kwenye nyumba ya mtu
atakuja kuulizwa na mwenyewe."