Mazoezi, Kutaisi

Beka ana miaka kumi na sita.
Tumempaka unga kichwani awe baba,
ndevu za gundi zinamwasha.
Wiki ya tatu namwambia: piga meza, mkane mwanao!
Anapiga kama anayebisha hodi kwa mgonjwa.
Tornike, anayecheza mwana,
anaangua kicheko.

Jana umeme ulikatika.
Sauti ikatoka gizani, ndogo, kavu:
"Mkate huu unaula kwa jina langu."
Maneno hayo hayamo katika mswada.
Tornike hakucheka.

Taa ziliporudi, alikuwa akikuna ndevu.
"Niyafute, mwalimu, au yabaki?"
Nikajifanya bado natafuta kiberiti.

Onyesho ni Ijumaa.
Baba yake ameomba kiti cha mbele,
maana sikio lake moja
halisikii vizuri.