Makabidhiano ya Zamu

Kiti kinalegea upande wa kushoto, Maren. Usikiegemee.
Kahawa ya huku chini ni chungu, ila inakesha.
Kaunti nzima ina watu elfu mbili na mia moja,
na zimamoto wetu hawana mshahara.
Ukibonyeza hapa, vidude vyao vinalia viunoni:
mwalimu wa hesabu anaitupa chaki,
Orval Haugstad anamwacha ng'ombe nusu ya kukamuliwa,
mchungaji anakatiza mahubiri bila amina.
Wanakuja na magari yao, na buti za zizini,
theluji ikiwaruhusu.

Ramani ya kompyuta watakufundisha wengine.
Mimi nakuachia ile isiyochapwa.
Mtu mwenye moto jikoni hakumbuki namba ya barabara.
Atakwambia: ipite shule ya Walutheri
(ilibomolewa mwaka niliomzaa kitindamimba wangu),
kata kulia kwenye mti wa Lindqvist.
Mti haupo. Lindqvist hayupo.
Kata kulia hivyo hivyo.

"Kwa Wajerumani" sasa kunakaa watu wa Guatemala,
wakamuaji wa usiku. Simu hushikwa na binti yao, Itzel,
ana miaka tisa. Mwite kwa jina.
Ukimwita kwa jina
atakuhesabia pumzi za mama yake, moja moja,
wala hatalia mpaka ambulensi iingie uani.

Saa tisa usiku Bi Hedvig atanusa moshi.
Hakuna moshi.
Mwulize dirishani kuna nini. Atakutajia taa ya mnara,
sungura, baridi. Dakika tatu zinamtosha.
Usiandike "simu ya uongo".
Andika: imekaguliwa.

Na ghala la Olafson.
Hili halimo katika daftari.
Baba alizama katika ngano, ikamfika kifuani,
mwana akanipigia akiwa juu ya ngazi.
Nilimwambia usiingie.
Nilisema mara kumi na moja, nimehesabu kwenye mkanda.
Ya kumi na mbili simu ilikuwa imeshadondoka,
nikabaki nasikia nafaka ikishuka,
kama mtu anapeta mchele chumba cha pili.

Huyo mwana ndiye dereva wa lori letu la maji.
Tukikutana dukani ananishikia mlango.
Hatujawahi kulizungumza.

Basi. Funguo ni hizi, ya choo ndiyo fupi.
Mimi narudi kwangu, kilomita thelathini na nne kaskazini,
nyumba ya mwisho kabla ya daraja lililochukuliwa na mto.
Siku nikikupigia, huenda ulimi ukawa mzito,
huenda nikasahau hata namba niliyoiandika mwenyewe ukutani.
Usiniulize.
Ipite shule.
Kwenye mti wa Lindqvist, kata kulia.