Sikio la Kuazima

Jumapili, baada ya supu, babu yangu Oldřich
hufunua sanduku la viatu lililojaa sarafu,
kila moja ndani ya bahasha yake ya karatasi,
kila bahasha na mwandiko wa kubana wa fundi wa boila:
uzito, mwaka wa kukisia, bei aliyomficha bibi.

Haniulizi kama nataka.
Huipachika sarafu nchani mwa kidole,
huigonga kwa penseli,
kisha hunitazama midomo.

"Inasemaje?"

Masikio yake yalibaki karakana ya treni,
miaka thelathini ndani ya matumbo ya chuma.
Ya kwangu yalikuwa mapya. Akayaazima.

Hapa Kutná Hora, hunieleza kwa sauti kubwa
kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto,
mlima ulikuwa na mimba ya fedha.
Wachimbaji walishuka na kanzu nyeupe
ili atakayeanguka gizani aonekane.
Mawe yakapanda, yakapondwa, yakaoshwa,
tanuri likala mkaa wa msitu mzima,
majivu yakanywa risasi yote
na fedha ikabaki katikati, imetulia,
jicho lisilopepesa.

Ikamiminwa fito, fito zikafuliwa bamba,
bamba likakatwa kwa mkasi, duara baada ya duara,
vikachemshwa kwenye chumvi na masimbi ya divai
hadi weusi wa moto ukavitoka kama aibu.
Chini, muhuri wa simba mwenye mkia wa panda.
Juu, muhuri wa taji, umeshikwa kwa mkono wa kushoto.
Wa kulia ukashusha nyundo.
Mara moja tu.
Ukirudia, simba huota mkia wa tatu.

"Ninaye huyo!" Babu hunionyesha
simba wa mtu aliyeshtuka kazini.
Humpenda kuliko waliokamilika.
Nani alimshtua? Msimamizi? Jino?
Mke mlangoni na habari ya mtoto?

Na nyundo zilikuwa nyingi, chumba kimoja,
alfajiri mpaka giza. Wapigaji wakarudi nyumbani viziwi,
wake zao wakajifunza kuongea kwa mikono.
Akifika hapo babu husita,
hupangusa miwani ambayo haina vumbi.

Ile ya bahasha ya kahawia ilikuja mwisho kila mara.
Aliuza baiskeli kuipata, kwa mchuuzi wa Kolín
aliyekuwa na glavu zilizokatwa vidole.
Akaigonga.
Nyingine zilikuwa zimelia *ngiii*, nyembamba,
kama uzi unaopita tundu la sindano.
Hii ikasema *ndu*.
Kijiko ndani ya viazi.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilimwona midomo nami,
jinsi ilivyokuwa wazi kidogo.
"Inalia, babu."
"Kwa muda gani?"
"Bado inalia."

Tulifanya hivyo miaka kumi na mitatu.
Nilijifunza kuinua nyusi, kuinamisha kichwa,
kuhesabu moyoni hadi saba
ndipo niseme: sasa imenyamaza.

Februari hii tumegawana vitu.
Mama amechukua saa ya ukutani, mjomba Ctibor vyeti na patasi,
mimi sanduku la viatu.
Nyuma ya bahasha ya kahawia, chini ya bei,
mwandiko ule ule, wino uliofifia siku nyingi:

"Risasi iliyovikwa fedha. Kazi ya mghushi wa usiku,
nyundo kaifunga tambara asisikike na jirani.
Huyu hakuwa kiziwi.
Isiuzwe.
Mtoto anasema inalia."

Nimeigonga sasa hivi, madirisha yamefungwa.
*Ndu.*
Nimefika nne.