Koti la Studio

Barabara ya Nane, Ngamiani,
baba alikuwa na koti moja
na wateja wa kila kiwiliwili.
Manamba walishuka toka mkongeni, viganja vimechanika,
wakalivaa, wakawa makarani.
Kwa mbele, mabwana.
Kwa nyuma, mimi na vibanio vya kuanikia nguo,
nimechuchumaa.

“Usipepese. Shusha kidevu.”
Simu ya mezani haikuwa na waya.
Saa ya mkononi, miaka tisa,
ilikuwa saa nne kasoro dakika tano.

Komba alituma yake Songea.
Mama yake akajibu: nimeona umenenepa,
basi leta hela.
Baba alicheka hadi akamwaga dawa.

Studio siku hizi wanauza vocha.
Jana, msibani kwa kina Hoza,
marehemu yuko ukutani, na koti lile,
na chini ya kwapa
kidole kidogo.

Doa la fremu, wanasema wajukuu.

Siku ile kibanio kilivunjika.
Nilimshika kwa mkono, kitambaa chanuka jasho na nondo,
mpaka baba aliposema: tayari.

Sikuwaambia.
Niliomba kahawa nyingine.