Soma Tu, Usiandike

Bi Syombua alilibeba sanduku la kompyuta mgongoni,
kwa leso, kama mtoto mwenye surua.
Ghorofa ya tatu, Luthuli Avenue, saa nne asubuhi,
chini spika kumi zinajaribiwa kwa mpigo.
"Inalia," akasema. "Ilianza usiku ule stima ilipopotea.
Tik. Tik. Kisha inanyamaza,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema."

Ndani yake: chama cha mazishi, Kariobangi,
miaka kumi na mmoja ya nani alichanga,
nani alizikwa,
nani amezikwa na bado anadaiwa.

Fundi mgeni huanza na diski. Mimi huanza na waya.
Nikachomoa, nikapuliza vumbi, nikachomeka mwingine,
maana nimewahi kuitupa diski nzima
iliyokuwa ikiumwa na waya wa shilingi mia mbili.
Bado. Tik.

Nikafungua shajara ya mfumo.
Mashine ya pengwini haifichi maumivu, huyaandika kwa sekunde:
nimeomba kusoma, sikujibiwa.
Nimeomba tena, sikujibiwa.
Nimeomba tena.

Nikaiuliza diski yenyewe habari za afya.
Ikajibu: Nimefaulu.
Diski zina adabu ya wagonjwa wa kwetu,
"Sijambo," huku imeshikilia ukuta.
Nikashuka hadi mstari wa tano, panaposemwa ukweli:
sekta mia tatu na kumi na mbili zimehama makwao.

"Si uirekebishe tu?"
Hapana, mama. Wa namna hii harekebishwi.
Hunakiliwa kwanza, angali anapumua.
Soma tu, usiandike:
maneno hayo yako juu ya meza yangu kwa kalamu nyekundu
tangu mwaka wa Wafubwa.

Wafubwa alikuwa na tasnifu ya udongo wa Kitale,
misimu minne ya kuchimba na kupima.
Nami nilikuwa mzizi, mwenye ruhusa ya yote,
na mashine haimuulizi mzizi kama ana hakika.
Nilitaka kuimimina diski a ndani ya diski b.
Nikaimimina b ndani ya a.
Herufi moja.
Utupu ukatandazwa juu ya udongo wote wa Kitale,
na mashine ikaniletea hesabu kwa heshima,
baiti ngapi, kwa sekunde ngapi.
Hakunitukana. Alikunja risiti mara nne,
akaiacha mezani, akashuka ngazi.
Ninayo bado.

Basi leo nasoma herufi kwa kidole, kwa sauti, mara tatu,
kama mtoto wa chekechea.
Bi Syombua anadhani ninasali. Akafumba macho naye.

Duru ya kwanza huchukua kilicho rahisi, huruka penye jeraha.
Ya pili hurudi polepole.
Ya tatu huingia kwa mlango wa nyuma.
Saa sita. Saa tisa. Tukala chapati na maharagwe
juu ya kifuniko cha printa.
Asilimia tisini na tisa, nukta nne.
Tik.
Haikusema tena.

Niliyoikagua ni nakala, si maiti.
Fsck ikauliza, nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo,
na kwenye saraka ya vilivyopotea vikapatikana
zikatokea faili kumi na saba zisizo na majina.
Namba tu. Mfumo unajua kuna kitu,
unajua na uzito wake; haujui kinaitwaje.

Nikafungua ya kwanza. Orodha, haina kichwa.
Bi Syombua akavaa miwani, akasogea hadi pua ikakaribia kioo.
"Huu ni mwezi wa Mulei, yule kinyozi.
Tulimzika mvua ikinyesha. Alikuwa amelipa yote."
Nikafungua ya pili.
"Nyaboke," akasema, kabla haijajaa kiooni. "Andika."

Nikaandika.