Pambizo la Anaeli

Fundi Kileo amenipangia programu tatu kwenye skrini
kama muuza mitumba wa Memorial anavyopanga viatu:
"Jaribu, mama. Kikikubana, vua."

Ya kwanza ina haraka.
Inafungua kurasa mia nne kabla sijameza funda la chai,
inapiga mstari wa njano ulionyooka kuliko maisha yangu,
na wiki ikiisha inadai dola.
Nikauliza: mwezi nikishindwa kulipa,
mistari yangu inabaki ya nani?
Kileo akakuna kidevu.

Ya pili ni ya bure, ina adabu,
ila inakupa kisanduku, kidogo kama dirisha la kukatia tiketi,
uinamie, useme shida yako kwa ufupi.
Mimi sijui kukosoa kwa kuinama.
Nakosoa kwa mishale, kwa viulizo viwili viwili,
kwa lile neno letu la ofisini, "Hebu!",
linalopanda ubavuni mwa ukurasa
kama mharage kwenye mgomba.

Ya tatu ilitaka kwanza namba ya simu,
tarehe ya kuzaliwa, ruhusa ya kunisikiliza.
Nimekuja kusoma, sikuja kuposwa.

Kazi yenyewe ni kumbukumbu za kamati ya mfongo, kule Mbokomu:
miaka thelathini na mmoja ya kugawana maji,
makatibu saba, miandiko saba,
zote zimepigwa picha, ukurasa kwa ukurasa.
Anaeli, mwenzangu, alifika wa mia mbili na kumi na mbili
akasema kichwa kinamgonga, anajinyoosha kidogo.
Ilikuwa Alhamisi.
Jumatano tulimzika kihambani, miavuli ikigongana.

Nikafungua faili lake kwa ile yenye haraka:
kurasa nyeupe. Kama hakuwahi kupita.
Kwa ile ya adabu:
vijisanduku mia na ushei, kila kimoja na jina lake na saa.
Saa tano usiku. Saa saba kasorobo usiku.
Ndani, hamna neno.

"Kila programu ina lugha yake," akasema Kileo.
"Marehemu alitumia ile ya zamani.
Kuhamisha naweza, mama. Mishale ndiyo itapotea."

Ile ya zamani imo kwenye laptopu yake,
na laptopu ilikuwa kabatini kwa mkewe, Aikande,
imefunikwa kitambaa cha kufuma, jirani na vikombe vya wageni.
Betri ilishakufa; inaishi kwa waya.
Inanguruma, inafikiri, inapiga chafya,
ukurasa unashuka kipande kwa kipande
kama pazia lililokwama.

Kisha, pambizoni, kwa bluu:

*Si Machi hii. Machi mfongo ulikuwa umebomoka. Rudi uk. 88.*

*Katibu amelewa tena.*

*Zamu ya mjane imerukwa mara ya tatu. Mbona haulizi mtu?*

*Hebu!*

Na kwenye ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili
mshale umetoka kwenye neno "maji",
umekatiza aya mbili, umefika ukingoni,
haukuandikiwa kitu.

Kwa hiyo jioni nipo Rau, mezani kwa Aikande,
karibu na soketi,
daftari la mistari, penseli, kichongeo.
Nanakili. Mishale pia, na pale alipokata akaandika upya.
Luku ikianza kulia tunachangishana.
Niko ukurasa wa sitini na moja.
Kileo amepiga simu mara mbili
kuuliza kiatu kipi kimekaa.

Aikande anaingia na chupa ya chai,
anafuta mikono kwenye kanga, hakai.
"Leo anasemaje?"

Namsomea: katibu amelewa tena.

Anacheka mpaka anashika kabati, vikombe vinalia.
"Huyo ni mjomba wake," anasema.
"Andika na hilo."